Watu Saba Juu ya Jeki

“Jamani, hamshuki niinue gari?” dereva aliuliza. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka mteremkoni, tukitoka Murusagamba, na abiria tisa tuling'ang'ania siti zetu. Kila mmoja alijua kwamba akishuka, atarudi na kukuta mwenzake amehamia kwenye siti yake.

Nilishuka mimi na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nikamgeukia mzee wa siti ya mbele.

“Shikamoo baba. Jeki haifai kuinua gari lenye watu, tena kwenye mteremko.”

“Marahaba, mwanafunzi. Hiyo jeki inainua mpaka magunia ya maharage,” alijibu, akikumbatia mkoba wake. Wenzake wakacheka.

Dereva alitafuta jiwe la kuzuia tairi la mbele. Alikosa kubwa, akaweka dogo, akaanza kuzungusha jeki. Alipokuwa anachomoa tairi, mtu mmoja ndani akasogea dirishani kuchungulia. Gari likatikisika, jeki ikalala, mkono wa dereva ukabanwa chini.

Ndipo wote saba wakashuka, tukalinyanyua gari kwa mikono. Vidole viwili vilikuwa vimepondeka. Mzee aliviangalia, akatikisa kichwa, akauliza, “Sasa nani atatuendesha?”

Chuoni nimezoea kubishana na watu wenye hoja. Hawa hawakuwa na hoja yoyote, walikuwa na siti tu, na bado walinishinda.

Wewe unayesoma hapa, dereva akitoa jeki, naomba ushuke.