Rans Tisini na Moja

Klabuni kwetu Acocks Green, huku ughaibuni, chumba cha kubadilishia nguo kina picha ya wakili wa zamani sana, enzi za taa za gesi. Ndevu kama amemeza paka, mkia ukabaki nje. Ameshika gongo la kriketi, na macho yake yanakufuata hadi chooni.

Kapteni wetu, Mhindi wa Kisumu, pia ni wakili. Yeye ndiye alikuwa na kesi ya mamangu. Mama alinyimwa kibali cha kukaa hapa, na rufaa ilikuwa iingie Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Ikichelewa, mama anapandishwa ndege.

Ijumaa hiyo hiyo tukawa na mechi. Kapteni akivaa pedi za kukinga miguu, akanipa hadithi ya yule mzee wa pichani. Kortini alikuwa moto, anatetea wauaji bila kushika karatasi, lakini jua likiwaka humpati. Siku moja mteja wake, mfua chuma, ana kesi ya kuua. Mzee yuko uwanjani anacheza, kortini ametuma karani.

"Alipata rans ngapi?" nikauliza. Rans ndizo pointi za kriketi.

"Tisini na mbili!"

"Na mfua chuma?"

"Ah, walinyonga yeye."

"Kapteni, rufaa ya mama umetuma?"

"Iko kwa laptop. Mimi maliza kucheza, nabonyeza tu. Wewe iko na wasiwasi kama kuku ya Krismasi."

"Kuku wa Krismasi huwa hakosei, Kapteni."

Kwetu timu inayopiga ndiyo inatoa refa. Nikapewa koti jeupe. Saa tisa, Kapteni ana rans hamsini. Saa tisa na nusu, themanini. Mawingu meusi, lakini mvua ya kusimamisha mechi wapi. Simu ikatetemeka mfukoni. Nilijua ni mama.

Alipofika tisini na moja, mpira ukamgonga mguuni. Hapo mtu hutoka tu kama mpira ungegonga vijiti nyuma yake, na huu ulikuwa unapita mbali, hata kipofu angeona. Wapinzani wakapiga kelele tu kwa mazoea. Nikainua kidole. Ametoka.

"Wewe! Mimi hapana out!"

"Laptop, Kapteni."

"Tisa tu ibaki nipate mia!"

"Na mama amebakisha dakika kumi na nane."

Akaondoka akichapa nyasi. Refa haachi uwanja, nikabaki kumwangalia dirishani: amekaa chini ya ile picha, helmeti kichwani, laptop imefungwa, mikono kifuani. Wote wawili wananitazama.

Mechi ilipoisha ndiyo akaniambia, "Imeenda. Dakika mbili kabla."

"Asante, Kapteni."

Alikuwa anaangalia picha. "Yeye tisini na mbili," akasema.

Jibu la rufaa bado halijakuja. Barua ikianguka mlangoni, mama ananiambia nifungue mimi. Naipasua bahasha kwa kidole kile kile nilichomtolea Kapteni.