Kidonge cha Eliakim

Eliakim ni jirani yangu hapa Marangu. Kihamba chake cha migomba na changu vimetengwa na mfereji tu. Ujanani alibeba mizigo ya wageni mlimani, baadaye akawa mpishi wao. Mimi nilibaki na kahawa. Yeye alishuka na viatu vizuri, akamwoa Pamela. Mimi nikamwoa Winfrida. Hapo tukawa sawa.

Sasa hatuko sawa. Winfrida nilimzika mwaka jana, pale kwenye migomba. Moyo.

Yeye na Eliakim wote walikutwa na mafuta mengi kwenye damu. Kolesteroli. Wakapewa kidonge cha aina moja. Eliakim yupo. Kila jioni namsikia Pamela, "Baba Gladness, dawa." Kisha wanacheka. Kwangu hakuna wa kuniita. Namwonea wivu mpaka chakula hakipiti.

Juzi niliwapelekea majani ya ng'ombe. Pamela amesimama na kidonge na kikombe cha maji, Eliakim amegoma.

"Leo nimekula ndizi na maharage. Jumamosi kaka anachinja mbuzi. Nitameza siku hiyo, kikutane na supu."

"Kidonge si sabuni ya supu," Pamela akasema. "Nesi alikueleza. Ini lako lenyewe linatengeneza hayo mafuta, hata ukila ndizi mwaka mzima. Kidonge kinalizuia lisitengeneze mengi. Likipungukiwa, linayavuta yaliyo kwenye damu, damu inapungua mafuta. Ndiyo maana ni kila siku."

"Kumbe umeolewa na kiwanda."

"Kiwanda chenyewe kizee. Shemeji, mwambie mwenzako."

Niliinama nikapanga majani ya ng'ombe. Niliwaza, akiacha, siku moja Pamela naye atakaa peke yake na sufuria kubwa, hana wa kula naye. Tutakuwa sawa tena. Wazo hilo lilikaa, wala sikulifukuza haraka.

"Umeona?" Eliakim akamwambia mkewe. "Sirili yuko upande wangu."

Pamela aliniangalia. Kikombe bado kiko mkononi.

"Winfrida alimeza siku za nyama tu," nikasema. "Alifikiri kama wewe. Vidonge vingine aliviweka akiba. Nilivikuta baada ya mazishi."

Eliakim hakucheka tena. Alinyoosha mkono, akameza, akanywa maji yote. Yalimchuruzika kidevuni. Pamela akamfuta kwa ncha ya kanga, taratibu, kama mtoto.

Hapo ningekaa ningelia.

"Kaa ule, shemeji," Pamela akasema.

"Nimeshiba," nikasema. Kwangu sikuwa hata nimewasha moto.

Nilipofika mferejini nikamsikia Eliakim akimuuliza kama kesho atamletea tena, au akumbuke mwenyewe.

"Nitakuletea," Pamela akamjibu.