Kungwi na Bi Harusi Mlangoni pa Mpangaji

Juzi mjukuu wangu alirudi kazini na kiboksi mkononi, akavua viatu, akakaa kwenye zulia, akaanza kukifungua taratibu kama mtu anayemenya yai la moto. Ni mtu mzima huyu, ana kazi yake ofisini, ana ufunguo wake wa geti. Ndani ya kile kiboksi mlikuwa na meli ya angani, zile za kwenye filamu, ya chuma hasa, si ya plastiki. Anazikusanya. Chumbani kwake ana kabati la kioo, amezipanga humo kama vikombe vya wageni.

Mama yake, ambaye ni mkwe wangu, akamwona.

"Mwanamke mzima unanunua midoli! Wenzio wanakusanya masufuria."

"Mama, hii si midoli, ni kolekisheni. Bado mbili tu seti ikamilike."

"Ikikamilika itakupikia?"

"Itanitazama nikila ugali wako, inionee huruma."

Wakacheka wote wawili. Kisha akanigeukia mimi. "Bibi, hebu shika uone ilivyo nzito."

Nikaishika. Ndugu yangu unayesoma, mimi siku hizi ni mtu wa kuchoka tu. Naamka nimechoka, nakaa nimechoka, hata kusikiliza ile mitambo ya gesi ya hapa kwetu Kinyerezi ikivuma kunanichosha. Lakini kile chuma kilipotua kiganjani, ule ubaridi wake, ule uzito wa kitu kidogo kinachozidi umbo lake, nikajikuta nimekigeuza tumbo juu bila kufikiri.

"Bibi," akasema, "umejuaje kama jina linaandikwa chini?"

Nikamwambia macho yananiuma, nikamrudishia meli yake. Tangu siku hiyo nimekaa na hili daftari. Shule yangu iliishia darasa la nne, nitakavyoandika ndivyo hivyo hivyo, mtanivumilia.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukikaa Temeke, kwenye nyumba ya vyumba vitano, ukumbi katikati, uani nyuma. Uani ndiko kulikokuwa na maisha. Huko kulikuwa na jiko la wote, bafu la makuti, choo cha shimo, na mchanga mweupe uliofagiwa kila asubuhi ukabaki na mistari ya ufagio. Sie tulikuwa na vyumba viwili vya mbele. Bibi mwenye nyumba alikuwa na viwili vya katikati, yeye na binti yake. Chumba cha mwisho, kilichotazama uani, alikaa mpangaji mmoja mama wa bara aliyekuja peke yake, na kazi yake ilikuwa kukaanga maandazi.

Baba alikuwa mfagizi wa sinema mjini. Filamu ikiisha, watu wakitoka, yeye anaingia na ufagio chini ya viti. Enzi hizo kulikuwa na filamu ya meli za angani iliyokuwa ikionyeshwa vipande vipande, kila Jumamosi kipande chake, na pale mlangoni waliuza meli ndogo za chuma mfano wa zile za kwenye filamu. Watoto wenye uwezo walinunuliwa. Watoto ni watoto, wengine walizidondosha gizani. Baba akiiokota aliipeleka ofisini, ikakaa wiki nzima ikimngoja mwenyewe. Asipotokea, bosi alimwambia chukua kapeleke kwa mwanao. Aghalabu ilikuwa imevunjika bawa au imebanduka rangi.

Nilifikisha tisa. Nimesahau mambo mengi, hata dawa zangu nasahau kama nimemeza, lakini hao tisa siwasahau. Maandishi ya tumboni yalikuwa ya Kiingereza, hayakunihusu, nikawapa majina yangu. Panzi, aliyekuwa na miguu mirefu nyuma. Mwewe. Sindano. Pasi, maana alifanana na pasi ya mkaa, hata kishikio alikuwa nacho. Shangazi Mnene. Mkokoteni, wa kubebea mizigo. Kipepeo wa bawa moja. Bi Harusi, mweupe pe, mdogo kuliko wote. Na Kungwi, mkubwa, mweusi, mwenye pembe tatu mbele, ambaye kwenye filamu, kwa hadithi ya baba, alikuwa hambanduki ubavuni mwa yule mweupe. Ndipo nikamwita Kungwi, kwa kuwa ndivyo wanavyokaa kungwi na mwali wake.

Filamu yenyewe sikuiona hata siku moja. Niliisikia kwa baba jioni akila, mkono mmoja kwenye sahani, mwingine ukiruka hewani. Mama alikuwa hapendi. "Mtoto wa kike hachezi na vyuma," alikuwa akisema, kila siku vilevile, kwa sauti ileile. "Kaa hapa usuke ukili wa mkeka." Akizikuta meli zangu mkekani alizitupa uani. Kwa hiyo nikawa nazificha.

Aliyekuwa akinielewa ni yule mpangaji. Alfajiri nilikuwa nasikia mwiko wake kwenye karai, na harufu ya iliki ikipita chini ya mlango wetu. Nikitoka kupiga mswaki ananiita kwa mkono, ananipa lile andazi lililoharibika umbo. Alikuwa akiwajua wote tisa kwa majina. Nilimfundisha.

"Bi Harusi keshatoka ndani?" ananiuliza huku anakanda unga.

"Bado. Kungwi amekataa."

"Mwambie Kungwi asimcheleweshe mwenzie, wageni wana njaa."

Mtu mzima kunijibu namna ile, bila kunicheka! Nyumbani kwetu nilikuwa wa kutumwa tu. Kwake nilikuwa mtu mwenye meli tisa.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kwenye filamu, baba alisema, meli zikichoka zinatua kwenye nchi ya mchanga, zinajifukia, zinalala. Nikaona hapo ndipo pa kuzificha. Mchanga laini kuliko wote uani ulikuwa mlangoni pa mpangaji, kwa sababu alikuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo hapo kila siku. Nikachagua wawili wa kulala kwanza, Kungwi na Bi Harusi. Nisiwakwaruze rangi, nikawaviringisha kwenye vitambaa. Fundi cherehani wa barazani kwetu wiki hiyo alikuwa akishona mapazia mekundu, kwa hiyo vipande vilivyokuwa chini ya cherehani yake vilikuwa vyekundu. Nikawapaka mafuta ya nazi wasipate kutu. Nikawafunga uzi mweusi, mafundo saba, nisije nikawapoteza. Nikachimba kwa kijiko, nikafukia pale kizingitini.

Wewe mtu wa pwani umeshaelewa. Mie nilikuwa na miaka tisa, sikuelewa.

Binti wa bibi mwenye nyumba alikuwa ameharibikiwa mimba mwezi huo, na ilikuwa ya pili. Nyumba nzima ilikuwa inanong'ona, na mama yake alikuwa hali, anatembea uani akitazama chini kama aliyedondosha pete. Asubuhi moja kuku wake akapekua mchanga mlangoni pa mpangaji. Kikatoka kitambaa chekundu, kina mafuta, kina mafundo, ndani kitu cheusi chenye pembe tatu. Akapiga ukelele ambao mpaka leo nikisikia mtu anaita kwa nguvu moyo wangu unaruka.

Watu wakajaa. Fundi cherehani akaja, hakutazama kitambaa mara mbili. Mama akaja na ukili mkononi. Majirani wa nyumba ya pili wakachungulia juu ya ua.

"Mie nilisema! Mtu hana mume, hana mtoto, anacheka peke yake jikoni!"

"Jamani, na maandazi yake nimekula mwaka mzima. Tumbo langu mie!"

"Si ulikuwa unaomba la pili wewe?"

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo! Huoni nilikuwa nalitamani?"

Mwingine akacheka, akanyamazishwa. Wakaendelea kupekua, wakampata na Bi Harusi. Mweupe, mdogo, amefungwa kama mtoto. Binti wa mwenye nyumba alipomwona alikaa chini palepale kwenye mchanga, akajifunika kanga uso. Hapo hakucheka tena mtu.

Mjumbe akaitwa. Alikuwa mzee mpole, hakutaka makuu. Alimbana Kungwi kwa koleo la mkaa, akamnyanyua juu wote waone, kisha akamgeukia mpangaji aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Mama, unakijua kitu hiki?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nimeshika kanga yake. Neno lilikuwa limenijaa mdomoni. Vyangu. Ni neno dogo hilo. Na nikwambie kweli, maana nimeshazeeka na kudanganya nako kunachosha: wengi wangedhani niliogopa fimbo. Fimbo nilishaizoea. Niliwaza wale saba waliobaki kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Niliwaza, nikisema, watawachukua na hao.

Mpangaji alimtazama Kungwi. Akatazama watu. Akaniona. Macho yake yalikaa kwangu kidogo, mtu mwingine asingegundua.

"Nakijua," akasema.

"Ni chako?"

Alijipangusa unga kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Mjumbe akauliza tena, na tena, naye kimya. Basi ikawa ameshakubali. Kungwi na Bi Harusi wakatumbukizwa chooni, bibi mwenye nyumba akamwagia chumvi juu yao, na mpangaji akaambiwa jua likizama asionekane.

Vyombo vyake vilienea kwenye mkokoteni mmoja, na nafasi ikabaki. Godoro, karai, ndoo ya unga, meza fupi. Hakuna aliyemsaidia kufunga kamba. Nilijisogeza pembeni mwa ukuta, nikasimama. Alikuwa anakaza fundo, hakuniangalia.

"Wamebaki wangapi?"

"Saba."

"Watunze basi."

Akainama, akashika karai lake lisidondoke, mwenye mkokoteni akasukuma. Sikumwambia ahsante wala samahani. Alipofika kona ya msikiti niliinua mkono, lakini hakugeuka nyuma.

Binti wa mwenye nyumba alizaa mwaka uliofuata, mtoto wa kiume, mzima. Watu wakasema mnaona? Ikawa ushahidi. Fundi cherehani alisimulia habari ile mpaka kufa kwake, na kila mwaka vitambaa viliongezeka. Asubuhi uani hapakunukia tena iliki. Mama alianza kununua maandazi mtaa wa pili, magumu, hayana kitu.

Baba aliniuliza siku moja, "Kungwi yuko wapi?" Hakuwa amekiona kilichotupwa, alirudi kazini kila kitu kimekwisha. Nikamwambia amepotea. Akaniamini, na mwaka ule akaniletea wengine wawili, wazima kabisa, wana mabawa yote. Niliwatia kwenye kopo. Hao sikuwapa majina. Sikucheza nao, wala na wale saba. Tulipohama nyumba ile, mama aligawa kopo kwa watoto wa jirani, mimi nikiwepo, nikinyamaza. Kunyamaza nilikuwa nimeshajua.

Ile nyumba haipo. Palipokuwa uani pamejengwa fremu za maduka, nilipita hapo kwenye msiba nikasikia wanasema huuzwa simu. Mchanga wote umefunikwa saruji. Wazee waliosimama uani siku ile wote wamekwenda mbele ya haki, mjumbe, fundi, bibi mwenye nyumba, mama yangu. Hakuna aliyebaki anayeweza kunisuta. Nilidhani likifika hili nitapumzika. Sikupumzika.

Leo asubuhi mjukuu wangu hakwenda kazini, amekaa kwenye zulia lake anapangusa meli zake kwa kitambaa cha miwani, simu ikiimba pembeni. Nikamwambia zima hiyo simu. Nikamsimulia. Kila kitu, kama nilivyoandika hapa, na mafundo saba, na chumvi. Na lile neno nikalitoa. "Vilikuwa vyangu." Lilitoka jepesi sana, mpaka nikalionea aibu.

Akachukua kalamu yangu na hili daftari. Kutafuta watu anakujua, kazi yake ni ya kompyuta.

"Bibi, tunaweza kumtafuta. Au watoto wa ndugu zake. Kwao bara wapi?"

"Bara tu. Tulisema bara."

"Basi tuanze na jina. Alikuwa anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Panzi, Mwewe, Sindano, Pasi, Shangazi Mnene, Mkokoteni, Kipepeo, Bi Harusi, Kungwi. Yeye aliwajua wote, nilimfundisha mmoja mmoja, nimesimama jikoni kwake nikitafuna andazi lake. Mjukuu wangu alikuwa amenisogelea, kalamu iko juu ya karatasi, ananingoja.

"Bibi?"

"Mpangaji," nikasema. "Tulikuwa tunamwita mpangaji."