Ng'ombe Mweupe wa Kisaju

Mkimaliza kusoma, mniambie kama niko na roho mbaya.

Mnamjua Baba Mercy, admin wa hii group yetu ya kuuza na kununua hapa Kitengela. Ripoti za wakora yeye husoma Jumapili tu, akitoka kanisa, pale cyber. Husema, "Tusihukumu mtu haraka."

Jumatatu niliripoti jamaa wa Kisaju. Alikula deposit yangu ya ng'ombe, na hana hata kuku. Niliweka na picha aliyonitumia: ng'ombe mweupe, sikio moja limekatwa.

Nikampigia Baba Mercy aifungue hiyo ripoti. Akanikata, "Dada, subiri Jumapili."

Sawa. Nikasubiri.

Leo asubuhi ananipigia akicheka. Amepata ng'ombe wa kupelekea wakwe, huko Kisaju. Anaomba pickup yangu tukamchukue.

"Anafanana aje?"

"Mweupe. Sikio moja limekatwa. Lakini jamaa anataka pesa yote kwanza. Nitume?"

Jameni.

"Tusihukumu mtu haraka," nikamwambia.

Akatuma. Nikawasha gari.

Tumechomwa na jua Kisaju mpaka saa saba. Simu ya jamaa, mteja hapatikani. Wakwe nao wanapiga kila saa, wanauliza ng'ombe amefika wapi.

Tukarudi moja kwa moja cyber. Baba Mercy alikuwa anatafuta jina la jamaa amtoe kwa group. Akapata ripoti yangu. Akaona picha.

Aligeuka polepole. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, baba. Lakini leo ni Alhamisi."