Darasa la Makamasi

Mwanzoni nilidhani ni bomba la ukutani. Shule yetu ya lugha ilikuwa juu ya duka la simu, karibu na stesheni, katikati ya Sydney, kwenye jengo la zamani ambalo mabomba yake yaliguna kila mtu wa chini alipofungua maji. Nilikuwa nimegeukia ubao, naandika tofauti ya vitenzi viwili, nikasikia nyuma yangu kitu kinavutwa. Kilikuwa kirefu na chenye majimaji. Kilipanda, kikakwama, kisha kikashuka. Nikageuka. Bomba halikuhusika. Mmoja wa wanafunzi wangu, mwanamume wa makamo aliyevaa suti na tai iliyonyooka, mhandisi aliyeletwa na kampuni yake kutoka Japani, alikuwa amevuta makamasi yake yote na kuyameza. Sasa alikuwa ananitazama kwa adabu, kalamu mkononi, akingoja niendelee.

Ilikuwa Julai, miezi ya baridi huku, na darasa zima lilikuwa na mafua. Wanafunzi wangu wote walikuwa Wajapani: huyo mhandisi, akina mama walioletwa na kazi za waume zao, na wasichana wawili waliokuwa wakihudumu kwenye mkahawa. Hakuna hata mmoja aliyepenga. Walivuta. Akimaliza huyu wa dirishani, anapokea yule wa mlangoni, na kati yao mimi nafundisha wakati uliopita.

Mimi nimelelewa Morogoro, na mama ambaye ukivuta kamasi mbele yake alikukamata pua kwa ncha ya kanga na kusema "Penga!" kwa sauti ambayo hata jirani angepenga. Kwetu anayevuta ni mtoto ambaye bado hajafundishwa. Sikuwahi kuona mtu mzima mwenye tai akifanya hivyo, tena bila kuomba radhi. Chakula cha mchana kikawa kinanishinda. Nikifungua mfuniko wa wali wangu naisikia ile sauti, naona njia yote makamasi yalimopita mpaka kooni, naufunika tena.

Na kwa kuwa mimi siwezi kuona kinyaa tu nikaishia hapo, nilianza kukichunguza kinyaa chenyewe. Nikajiuliza kama huo ni ubaguzi. Nikajiuliza, kama ni ubaguzi, mtu mweusi anayewafundisha Wajapani Kiingereza nchini Australia anambagua nani hasa, na kwa niaba ya nani. Nikajiuliza kama wananifanyia mimi tu. Siku moja nilisimama kwenye korido nikasikiliza darasa la mwenzangu. Walikuwa wanavuta vilevile. Nilifarijika, halafu nikaona aibu kwa kufarijika.

Lau ingekuwa kazi ya kupita tu, ningeiacha. Lakini nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uleule, na shule ile ndiyo pekee iliyonipa darasa. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio mpaka mwisho wa muhula, na baada ya hapo mwalimu mkuu angeamua kama nabaki au naondoka. Nikiondoka, kazi niliyokuwa nimewekewa ni kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi mama mdogo, ambaye ndiye niliyekuwa nakaa kwake Merrylands, pembezoni mwa jiji. Alishaongea na msimamizi wake. Siidharau kazi ile, imetulisha. Ila nyumbani walishamwambia kila mtu kwamba mimi ni mwalimu Ulaya, maana kwao hata Australia ni Ulaya, na mimi mwenyewe nilishajiambia.

Nikaanza na njia ya upole. Nilinunua boksi la tishu nikaliweka katikati ya meza. Wakanishukuru mmoja mmoja. Mama mmoja akalisogeza pembeni ili apate nafasi ya daftari lake. Kesho yake msichana wa mkahawa akachomoa tishu moja, moyo ukanidunda, akafutia kahawa iliyomwagika.

Jioni nilimweleza mama mdogo. Alikuwa amerudi kutoka shifti, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Leo mimi nimefuta vitu ambavyo nikikutajia utautema wali huo," akasema. "Wewe unalia makamasi ya watu wenye suti?"

"Si makamasi, mama mdogo. Ni kumeza."

"Ulitaka wayateme?"

"Nataka wapenge!"

"Basi wafundishe. Si mwalimu wewe?"

Alikuwa anatania, lakini mimi utani nauchukua nalala nao. Wiki ile tulikuwa na somo la kwenda kwa daktari. Niliandika ubaoni maneno ya Kiingereza ya kukohoa, kupiga chafya na kupenga kamasi. Mawili ya kwanza waliyajua. La tatu hawakulijua, na mhandisi akauliza maana yake. Nami nilikuwa na mafua. Nikatoa leso, nikasimama mbele yao, nikapenga kama nilivyofundishwa nyumbani, upande huu, upande ule, mpaka mwisho. Nikaikunja leso nikairudisha mfukoni. Nikachukua karatasi za zoezi nikaanza kugawa.

Mama mmoja alikuwa amefunika mdomo. Msichana wa mkahawa alikuwa anatazama meza. Mhandisi hakunitazama usoni, alinitazama mfuko. Niliujua ule uso. Ndio niliokuwa nao mimi kila asubuhi tangu baridi ianze.

"Haya, sasa ninyi," nikasema.

Hakuna aliyejaribu. Karatasi walizipokea kwa ncha za vidole.

Ijumaa mwalimu mkuu aliniita ofisini. Ni mama wa Kijapani aliyeishi Sydney miaka mingi, mdogo wa mwili, anayezungumza taratibu kama anayebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. Akanimiminia chai ya kijani isiyo na sukari, ambayo huwa inanikumbusha maji yaliyochemshiwa mchicha.

"Mwalimu," akasema, "darasa lako lina uchangamfu."

"Asante."

"Wanafunzi wameshangazwa na uchangamfu huo."

"Asante sana."

Akatazama kikombe chake. "Kuhusu muhula ujao," akasema, akavuta hewa katikati ya meno, "ni kidogo..."

Akainamisha kichwa upande mmoja, akabaki hivyo.

Nikangoja. Sentensi haikuja. Na kichwa changu, ambacho hakijawahi kuacha nafasi tupu bila kuijaza, kikaijaza. Kidogo, maana yake saa kidogo. Vipindi vichache. Hanifukuzi! Ananipunguzia tu, na anaona aibu kuniambia.

"Kidogo ni sawa!" nikasema.

Akainua macho. "Samahani?"

"Hata kidogo nitashukuru. Siku moja, siku mbili, mimi sina shida kabisa."

"Hata... kidogo."

"Kabisa."

Akageuka akaitazama ratiba ukutani, akarudi kunitazama mimi, na nilikuwa nimetabasamu mpaka mashavu yananiuma. "Jumatano," akasema hatimaye, kama mtu anayeng'olewa jino. Nikamshukuru, nikainama, nikainama tena. Nikampigia simu mama mdogo nikiwa bado kwenye ngazi.

Basi muhula mpya ukaanza, nikawa mwalimu wa Jumatano. Siku nyingine nilikwenda na mama mdogo kwa wazee, nikivaa glavu. Jumatano nilivaa shati zuri nikapanda treni kwenda mjini. Mafua yalikuwa bado. Sauti ilikuwa ileile, na kinyaa changu kilekile, ila nilijitahidi kukimeza kama wao walivyomeza vyao. Kwenye chumba cha walimu nilikula biskuti zao. Nilimsalimu mwalimu mkuu kwa furaha, naye kila aliponiona aliitikia kwa mshangao mdogo, kama mtu aliyekuta kiatu kisicho chake mlangoni.

Jumatano moja mhandisi aliomba tufanye mazoezi ya kukataa. Bosi wake wa huku, alisema, analalamika kwamba hajui anapokubali na anapokataa. Nikafurahi, hilo ni somo zuri. Niliandika ubaoni njia za kukataa kwa upole, kisha nikauliza kwao huwa wanakataaje.

"Tunasema *chotto*," mhandisi akasema. "Maana yake kidogo. Tunasema kidogo, halafu tunaacha."

"Mnaacha nini?"

"Sentensi."

"Na aliyeambiwa?"

"Anaelewa kwamba ni hapana."

"Asipoelewa je?"

Wakatazamana. Mhandisi akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akavuta kamasi la nguvu, akameza. "Mwalimu," akasema, "haiwezekani mtu asielewe."

Darasa zima likacheka naye. Nilikuwa nimeshika kalamu ya ubao, nikahisi damu inanipanda masikioni. Nikakumbuka kila tabasamu langu kwenye korido ile. Nilikuwa mgeni aliyesindikizwa hadi mlangoni, akaagwa, akageuka na kuuliza leo mnapika nini. Makamasi ya mtu niliyazoea kwa kiasi fulani, lakini hiki kilikuwa kinyaa cha kujionea mwenyewe, na hakina boksi la tishu.

Mama mdogo alipoelezwa alicheka hadi akashika ukuta.

"Kwa hiyo ulifukuzwa, ukakataa!"

"Usicheke, mama mdogo. Kwa nini asiseme tu hapana kama binadamu?"

"Binadamu wa wapi? Kwetu fundi akikwambia njoo kesho, hiyo kesho umewahi kuiona? Mimi yule dada wa kanisani kila Jumapili namwambia nitapita kwako, Mungu akipenda. Mwaka wa ngapi huu Mungu hajapenda?"

"Lakini mimi wa kwetu naelewa."

"Na wao wa kwao wanaelewa. Tatizo ni wewe uliyekaa katikati." Akafuta machozi. "Sasa unafanyaje? Msimamizi ananiuliza kila siku kama unakuja moja kwa moja."

Nikasema naacha ile shule, sikanyagi tena. Akasema sawa. Akaongeza kwamba angependa kwanza kujua, kama ningekuwa na roho ya kumuuliza mwalimu mkuu, je bado ni hapana?

Hilo "bado" lilinisumbua wiki nzima. Jumatano iliyofuata nilibisha hodi ofisini kabla ya kipindi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yote yakapotea mwalimu mkuu alipoanza kumimina chai. Naye siku hiyo alikuwa na mafua.

"Siku ile uliposema kidogo," nikasema, "ulikuwa unaniambia hapana."

Aliweka birika chini. Akavuta kamasi, polepole, kwa heshima zote, nami nikabana vidole vya miguu ndani ya viatu.

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa hapana."

"Kwa sababu nilipenga mbele ya darasa."

"Kwa sababu ya mfuko." Akatafuta maneno. "Ulikitia kile kitambaa mfukoni, na uchafu ndani yake. Ukakaa nao. Halafu ukawagawia karatasi kwa mkono uleule."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Mimi ninayefikiria kila kitu, ninayeweza kukesha kwa ajili ya salamu niliyoitikia vibaya, nimebeba makamasi mfukoni maisha yangu yote nikijiona msafi. Nikaitazama chai. Nikahisi leso imelala pajani, yenye unyevu, na nikatamani kuitupa dirishani.

"Na sasa?" nikauliza.

Akavuta hewa katikati ya meno. "Sasa ni kidogo..."

"Tafadhali," nikasema, "maliza."

Akanitazama kwa hasira kabisa. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumfanyia ufidhuli kama ule, na nilikaribia kuomba radhi, lakini nikashika kiti.

"Mimi binafsi sikutaki," akasema. Alilisema kwa haraka, na masikio yake yakawa mekundu. "Kila nikiona mikono yako naukumbuka ule mfuko. Lakini mhandisi amewaleta wenzake wawili. Wanataka somo la kukataa. Wanasema wewe ni mwalimu asiyeelewa dokezo hata moja, kwa hiyo kwako wanalazimika kusema."

Sikujua kama ni sifa. Nadhani haikuwa.

"Muhula ujao," akasema, "Jumatano na Alhamisi."

Nikangoja nione kama kuna kipande cha sentensi kilichobaki nyuma. Hakikuwepo. Alikuwa amemaliza, na alionekana kama mtu aliyetapika, mweupe na mwenye nafuu. Nikamwambia nimekubali, ile sauti ya makamasi yake ikiwa bado masikioni mwangu. Nikanyanyuka, nikashika kitasa cha mlango wake, nikaona macho yake yameshuka kwenye vidole vyangu. Nikauondoa mkono, nikafungua kwa kiwiko, nikaenda kunawa.