Kisigino cha Émerance

Mume alipomfukuza kwa ajili ya msichana wa mtaa wa Bel-Air, Émerance alianza ndondi akiwa na miaka arobaini na mbili. Mwezi wa pili wa mazoezi, alipokuwa akiruka kamba, msuli wa shavu la mguu ukachanika. Shangazi yake akamkanda kwa maji ya moto kama mama aliyejifungua, na mguu ukazidi kuvimba. Kocha Onésime akamkataza kurudi mpaka ainue kisigino cha mguu huo mara ishirini bila kushika ukuta. Wiki saba alijizoeza akisonga bukari, ugali wao wa kila siku.

Leo kocha anahesabu. "Kumi na munane... Mama, unachoka?"

"Bwana yangu njo alichoka. Mimi hapana. Hesabu!"

Ishirini ilipopita, kocha akamrushia glavu. "Vala, basi. Lakini kamba, bado."