Filamu Iliyomtia Mama Mkwe Wasiwasi

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia kibanda cha video hapa Kampala, nieleze kwanza mambo yanavyokwenda. Filamu inatoka nje, kwa lugha ambayo wengi wetu hatuijui. Mbele anakaa mtu mwenye maikrofoni, tunamwita viijei, naye husema juu ya sauti za waigizaji. Hafuati neno kwa neno. Mji wa kigeni anaupa jina la mtaa wetu, mzungu anamfanya jirani, na akiona utani umepoa anatia wake. Kibanda chetu kipo Naguru, karibu na nyumba za polisi, na viijei wetu hutumia Kiswahili, maana watazamaji ni familia za askari kutoka kaskazini pamoja na Wakongo wauza vitenge. Sisi tumemzoea. Tunajua chumvi yake inaanzia wapi.

Mama mkwe hakujua. Alikuja kwetu kutoka kijijini kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Daktari alimpangia upasuaji Alhamisi, akatuonya kwamba akiahirisha tena huenda asione kabisa. Kwa miaka mingi tulimwita akakataa, akisema kuku wake hawana wa kuwaangalia. Safari hii alikubali. Bahati mbaya, au nzuri, ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo barabara mpya ilikuwa imepita katikati ya shamba lake, naye akalipwa fidia.

Jumapili tukampeleka kibandani achangamke kidogo. Filamu ilikuwa ya kuchekesha, ya upole: bibi mjane wa kijijini anapata utajiri wa ghafla, na ndugu wanaanza kumiminika. Mama aliona vivuli tu kwenye skrini, kwa hiyo alishika kila neno la viijei. Mtoto wa yule bibi akashuka kwenye gari.

"Huyo anakuja, polisi wa Naguru," viijei akasema. "Miaka yote alikuwa wapi? Leo kaleta mkate na sukari. Eti, 'Mama, naapa sitaki chochote, twende Kampala ukapumzike.' Bibi wewe, shika mfuko wako."

Kibanda kizima kikacheka. Mama hakucheka. Mume wangu ni polisi, na tulipokwenda kumchukua tulibeba mkate na sukari, kama abebavyo yeyote anayekwenda kumwona mzazi.

Tangu jioni ile hakunywa chai kabla mimi sijaionja. Asubuhi akaniuliza, "Hospitali watanifunga macho?"

"Moja tu, Mama."

"Na lile lingine halioni. Basi nikiwa hivyo, mtu akileta karatasi ya fidia, anachohitaji ni kidole gumba changu tu." Akasema Jumatano atapanda basi arudi kwake.

Wasiwasi unaambukiza. Nikaanza kumtazama mume wangu. Kwa nini siku hizi anawahi kurudi? Kwa nini anamuuliza mama yake mara mbili mbili kama ameshiba? Mimi hajaniuliza hivyo tangu tuoane.

Jumanne Mama akaniambia, "Nipeleke kwa yule mtu." Nikamshika mkono hadi kibandani. Viijei alikuwa anakula chapati.

"Mwanangu, nani alikuambia habari za nyumbani kwangu?"

"Habari gani, Mama?"

"Polisi. Naguru. Mkate na sukari."

Viijei akaweka chapati chini. "Mama, filamu hiyohiyo nikiipeleka Kisenyi, yule ni fundi wa gereji. Nikiipeleka Kikuubo, ni mwenye duka la jumla. Hapa nikisema gereji, nani atacheka?"

"Na mkate?"

"Kwenye picha kashika maua. Wewe mwanao amewahi kukuletea maua?"

"Ya nini? Nipike?" Nusura acheke. Kisha akainamisha kichwa. "Na kumfuata mama yake kwa sababu ya mali? Hiyo nayo uliitia wewe?"

"Hapana, Mama. Hiyo ni ya filamu yenyewe. Sikuigusa."

Tukarudi nyumbani. Tulimkuta mume wangu anavua buti. Mama akabaki amesimama mlangoni.

"Unataka nini kwangu?"

Niliogopa angejibu "sitaki kitu." Ningekuwa Mama, nisingeamini.

"Pikipiki," akasema, macho kwenye buti. "Ya boda, nimpe mtu aendeshe. Nilikuwa nangoja upone ndipo nikuombe."

"Na nisipokupa?"

"Alhamisi utatibiwa vilevile."

Mama akapapasa kiti, akakaa. "Yule wa filamu aliapa hataki chochote," akasema. Akaomba chai, akainywa bila kuningoja.

"Alhamisi nitakwenda. Lakini atakayekaa nami ni huyu mkeo. Wewe nenda kazini kwako. Habari ya pikipiki utaniambia tena nikiwa naiona sura yako."